Sekunde Tisa za Lucious Minter

Ozella Minter alikuwa na jozi sita za glavu nyeupe, na kila jozi na kazi yake. Mbili za ibada ya Jumapili, moja ya mazishi, moja ya Pasaka, moja ya kuwaazima wasichana wa kanisani wanaosahau zao. Ya sita, yenye vifungo vya lulu bandia, aliitenga kwa ajili ya maktaba ya Tallow Bend, kwa Jumamosi ya tatu ya kila mwezi, saa nane mchana. Hapo ndipo alipoonyesha filamu za bluzi na kuwaalika watu wa mji, Weusi kwa Wazungu, waje na chakula, watazame kisha wazungumze.

Kutazama walitazama. Kuzungumza ndiko kulikoshindikana.

Kwa miaka arobaini na minne Ozella alikuwa mshika mlango wa kanisa la Kibaptisti la Mlima Neema. Mshika mlango ndiye anayekupokea, anakutazama kuanzia kofia hadi kiatu, halafu ananyoosha kidole kimoja chenye glavu, nawe unakwenda kukaa kule kilikoelekea. Hubishi. Mchungaji hubishana na mashemasi, hubishana na mkewe, mara nyingine na Mungu, lakini na mshika mlango habishani. Kwa hiyo Ozella alijua kuwapanga watu. Kuwafungua midomo, hilo hakufundishwa.

Msimamizi wa maktaba, Bi Lavinia Purcell, Mzungu mwembamba mwenye moyo mwema na miwani ya kamba, alikuwa na daftari la kuandika mazungumzo yote. Baada ya filamu ya kwanza aliandika: "Filamu nzuri." Baada ya ya pili: "Filamu nzuri. Mayai mazuri." Baada ya ya tatu aliandika neno moja tu: "Mayai."

Daftari likapelekwa kwenye kamati. Kamati ikasoma, haikuchukua muda. Ikasema: filamu ya nne ioneshwe, na kama hakutakuwa na mazungumzo, chumba wapewe chama cha wapenda maua, ambao kwa kuzungumza hawana mfano.

"Si mimi, Ozella," Bi Lavinia alisema huku akivuta kamba ya miwani. "Ni kamati."

"Najua, Bi Lavinia. Kamati haina uso."

Asichokijua Bi Lavinia ni kwamba zile filamu tatu za mwanzo zilikuwa za kulainisha udongo. Mbegu ilikuwa kwenye ya nne. Ndani ya filamu hiyo, katikati hivi, mlikuwa na sekunde tisa za baba yake Ozella.

Alizigundua nyumbani kwa mpwa wake huko Memphis, akiwa amekaa mbele ya televisheni na sahani ya kambare mapajani. Mtu fulani mpita njia, enzi hizo, alipita Delta, nchi ya mashamba ya pamba, na kamera isiyonasa sauti, akapiga picha baraza la duka la shamba la Tackett. Pale barazani kakaa mtu mwenye kofia, gitaa pajani, kichwa kimeinamia upande kama anayesikiliza siri. Ozella alikijua kile kichwa. Chini yake yakaja maandishi: "Mkulima, jina halijulikani."

"Halijulikani na nani?" Ozella aliiuliza televisheni, na kambare akapoa.

Jina lilikuwa Lucious Minter. Wazungu hawakuliandika, na Weusi walilifuta. Maana kanisa la Mlima Neema, Ozella akiwa mtoto wa miaka minne, lilimwondoa Lucious kwenye daftari lake kwa kosa la kupiga muziki wa shetani siku za Jumamosi. Karani wa kanisa, binti mkali wa sauti aitwaye Zerline Cobb, alisimama akaisoma hukumu tangu mwanzo hadi mwisho. Lucious alipokufa miaka mitano baadaye, aliombewa uani kwake, kati ya kuku na kamba ya nguo. Tangu hapo ndani ya kanisa lile hakuna aliyetamka jina lake, na Ozella amewashikia mlango wote.

Angeweza kulitamka mwenyewe. Lakini ukilitaja wewe jina la baba yako ni sawa na kujipigia makofi. Alitaka alitaje mtu mwingine, mbele za watu, kwa hiari yake. Na nafasi ilikuwa moja imebaki.

Siku tatu kabla ya Jumamosi hiyo alikuwa kibarazani kwa jirani yake Vernell, wakimenya kunde.

"Watu wagumu hawa," Ozella akasema. "Miezi mitatu! Wazungu kulia, sisi kushoto, katikati njia kama ya bibi harusi. Utadhani harusi ya koo zisizopendana. Hata siku moja hawajachanganyika."

Vernell akamenya kunde moja, akaitazama. "Na nani anawakalisha?"

"Wanakaa wenyewe."

"Ozella."

"Nini?"

"Nani anasimama mlangoni?"

Ozella akaacha kumenya. Akaona mkono wake mwenyewe, ule wa kulia, wenye vifungo vya lulu. Akiingia Mzungu, kidole kulia, penye dirisha na hewa. Akiingia Mweusi, kidole kushoto, penye bomba la joto. Hakuna aliyemwagiza. Mkono ulijifunza utotoni, kwenye kituo cha basi na kwenye ngazi za nyuma za jumba la sinema, na kumbe haukuwahi kusahau. Jicho huona yote ila halijioni.

"Ee Yesu," akasema. "Ni mimi."

Vernell alicheka mpaka bakuli la kunde likamtoka magotini. "Miaka yote tunaandamana, tunaimba, tunamwagiwa maji, kumbe adui kavaa glavu anakaa nyumba ya pili!"

"Nyamaza, Vernell."

"Sinyamazi. Na huyo Lavinia wako ni wa pili wako. Mtu wetu akiguna tu 'mh!' kwa filamu, yeye 'shhh!' Sisi kanisani mhubiri asipojibiwa anadhani tumekufa. Unatuambia shhh saa nzima na nusu, halafu unawasha taa, eti haya, semeni. Kuku ukimfunga miguu kutwa, hata ukimfungua anabaki amelala tu."

Ozella alimpigia simu Bi Lavinia jioni ile ile.

"Mimi?" Bi Lavinia akashangaa. "Mimi siwanyamazishi watu kamwe, Ozella, wewe unanijua... shhh! ... samahani, kuna mtu hapa anafungua mkoba kwa kelele."

Ozella akasikia mkoba ukifungwa.

"Oh," akasema Bi Lavinia.

Jumamosi ikafika. Wa kwanza kuja alikuwa Bwana Royce Tackett, mzee wa miaka sabini na mitano, aliyekuwa na mashamba ya pamba na sasa ana mbwa wawili na maoni. Akaelekea kulia, kwenye dirisha lake. Akakutana na glavu. Ilikuwa imeelekea kushoto.

"Ozella, mimi nakaa pale."

Glavu haikutikisika. Mkono wa pili Ozella aliuweka mgongoni, kama ipasavyo. Bwana Royce alikuwa Mpresbiteri, sheria za glavu hakuzijua, lakini kuna vitu mwili unavielewa wenyewe. Akaenda kushoto.

Ndivyo ilivyokuwa kwa wote. Mama wa chama cha maua akajikuta kati ya fundi magari na mwalimu wa kwaya. Vernell akawekwa dirishani, akajipepea kwa madaha kama malkia. Hata meza mbili za chakula Ozella alizisukuma zikawa moja, mayai ya huku yakaangaliana na kuku wa kukaanga wa kule.

Halafu akaingia Mama Cobb. Huyu ndiye yule Zerline wa hukumu, sasa ana miaka themanini na tisa, Mama Mkuu wa kanisa, nguo na kofia nyeupe, fimbo mkono mmoja na upepeo wa karatasi wenye tangazo la nyumba ya maziko mkono wa pili. Alikuwa hajawahi kuja.

"Nimekuja nione shetani anafanya nini siku hizi," akatangaza, "nipate kumwombea dua mahsusi."

Ozella akainua glavu. Kidole kikaenda kushoto, kiti cha pili, kando ya Bwana Royce.

Mama Cobb akakitazama kiti. "Dada Ozella, huyo ni Mzungu."

"Ndiyo, Mama."

"Tena ni Tackett."

"Ndiyo, Mama."

Mama Cobb akapumua kwa pua. Lakini glavu ni glavu, na yeye ndiye aliyemfundisha Ozella kuivaa. Akaketi. "Sogeza goti," akamwambia Bwana Royce.

Bi Lavinia akazima taa, akasimama kwenye mashine yake, akajitia tofi mbili mdomoni, moja kila shavu, kama kizuizi.

Filamu haijamaliza dakika tano, mzee mmoja kwenye picha akasema mizani ya duka la shamba kwao ilikuwa Mkristo Jumapili tu, maana Jumapili haikupima. Fundi magari akapaza sauti: "Sema, baba!" Watu wote wakageuka kumtazama Bi Lavinia. Bi Lavinia akatafuna tofi kwa nguvu. Hakutoa sauti.

Basi pakafunguka. "Mh-hm!" "Kweli hiyo!" "Mwambie polepole!" Mama wa chama cha maua akamwinamia mwalimu wa kwaya: "Mizani ilikuwaje? Sikuelewa." Akaelezwa jinsi ilivyopunguza uzito wa pamba ya wakulima. Akasema, "Hapana!" Akaambiwa, "Ndiyo."

Bwana Royce akakohoa. "Babu yangu alikuwa na mizani."

"Naijua," akasema Mama Cobb bila kugeuka. "Nilipimia pamba pale tangu nina miaka saba."

"Ilikuwaje?"

"Ilikuwa na njaa kuliko sisi."

Bwana Royce akakaa na jibu hilo. Hakusema filamu nzuri.

Ozella alikuwa amesimama nyuma, mgongo ukutani. Alijua inakuja: kwanza daraja, halafu nyumbu, halafu baraza. Daraja likapita. Nyumbu akapita. Baraza likaja, na kofia, na gitaa, na kichwa kile kilichoinama, juu yake wimbo wa gitaa wenye mwendo wa haraka. "Mkulima, jina halijulikani." Moja, mbili, tatu... tisa. Likaja gari la moshi.

Hakuna aliyelitaja jina. Vidole vya Ozella vikalegea ndani ya glavu.

"Ngoja!" Vernell akaruka kutoka kwenye kiti chake cha dirishani. "Bi Lavinia, rudisha! Rudisha hapo kwenye baraza!"

Ozella akakazia macho kitambaa cheupe. Bi Lavinia akarudisha. Baraza, kofia, gitaa.

"Hapo pembeni!" Vernell akapiga kelele. "Huyo msichana! Tazameni mkono wake!"

Kumbe pembeni mwa picha, mahali ambapo Ozella hakuwahi kupatazama hata siku moja, alikuwapo msichana wa gauni jepesi akicheza hadi vumbi linaruka. Mkono wa kushoto umeinua pindo la gauni, kidole cha mwisho kimenyooka pembeni kama mpini wa kikombe.

Watu wa Mlima Neema walikijua kidole hicho. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, Mama Cobb huenda mbele kutoa sadaka akiwa ameinua pindo hivyo hivyo.

Kicheko kilichopanda pale kiliamsha vitabu. "Mama Cobb!" "Uwongo!" "Kwenye baraza la shetani!"

"Si mimi," akasema Mama Cobb. Upepeo ukaanza kwenda mbio. "Nchi hii ilikuwa na wasichana wengi."

"Wenye kidole hicho?"

"Vidole ni mali ya Mungu, hugawa apendavyo."

Wakarudisha mara ya tatu, ya nne. Bwana mmoja Mzungu akasema pua si yake. Mwalimu wa kwaya akasema pua huongezeka na umri, kila mtu anajua. Mama wa maua akasimama juu ya kiti ili aone. Bi Lavinia alikuwa ametema tofi na anaandika kama anayefukuzwa, huku akidakia: "Lakini kifundo cha mguu, jamani, kitazameni kifundo cha mguu!" Mazungumzo yalikuwa yamewaka, kamati yote ingezimia.

Ozella peke yake ndiye aliyekuwa kimya. Mara saba baba yake alikuja, mara saba akaenda, na macho yote yalikuwa kwenye miguu ya msichana. Chumba alikuwa amekipata, baba yake alikuwa anampotea mbele ya watu arobaini. Akafungua mdomo alitaje jina mwenyewe, liwalo na liwe. Bwana Royce akamtangulia.

"Mimi," akasema akinyoosha mgongo, "nilikuwa mshindi wa dansi wa wilaya hii miaka miwili mfululizo. Nawaambia, hamna haja ya kugombana. Huyo msichana, awe awaye yote, hajui kucheza. Tazameni vizuri. Mguu unatua kabla ya mdundo. Kila mara, kabla ya mdundo."

Upepeo ukasimama.

"Nani," akasema Mama Cobb polepole, "amekosa mdundo?"

"Huyo msichana. Anakwenda kombo kabisa."

Mama Cobb akainuka. Hakutumia fimbo kuinuka, alikuja kuikumbuka baadaye. "Royce Tackett, wewe ukiwa bado unajikojolea, watu walikuwa wanatoka kaunti tatu kuja kuitazama miguu hii! Nikose mdundo? Mimi? Wimbo huo wamebandika watu wa filamu! Hakuupiga yeye! Huoni vidole vyake haviendani nao? Lucious Minter hakupiga haraka haraka kama mtu anayefukuza nyuki. Lucious Minter alikuwa anakuacha ungoje, ungoje, mpaka mguu wenyewe ukuombe ruhusa! Siku hiyo nilivaa gauni la dada yangu na Lucious Minter alipiga hadi misumari ya baraza ikatoka, wala sikukosa mdundo hata mmoja, na atakayesema nilikosa aje hapa mbele aseme!"

Hakuna aliyekwenda.

Ndipo Mama Cobb akasikia alichosema. Akatazama huku na huku. Mwisho akatazama nyuma, ukutani, aliposimama binti yake Lucious na glavu zake.

"Zima sauti," akamwambia Bi Lavinia, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hiyo picha iache. Sauti zima."

Akaenda mbele, karibu na kitambaa cheupe. Picha ikarudi, safari hii bubu. Mama Cobb akagonga sakafu kwa fimbo: tu, akangoja, tu-tu, akangoja tena. Fundi magari akaudaka mdundo kwa kiganja. Vernell akaudaka. Na wote waliokuwemo wakaona vidole vya yule mtu mwenye kofia vikishuka juu ya nyuzi pale pale fimbo iliposhuka, na mguu wa msichana ukitua pale pale, na kichwa kile kikiinama pale penye kungoja. Sekunde tisa, kisha tena sekunde tisa. Ozella alikuwa na miaka miwili baba yake alipopiga wimbo ule. Sasa ana sabini na mmoja, na ndiyo kwanza ausikie.

"Namkumbuka Lucious," akasema Bwana Royce, mikono yake ikipiga makofi kwa kuchelewa kidogo. "Lucious alikuwa akija..."

"Bwana," Mama Cobb akamkata.

"Naam?"

"Sikuiti. Nakurekebisha. Yeye mtu mzima ana mke na mtoto, wewe una miaka sita, unamwita Lucious. Na babako akakusikia akacheka. Bwana Lucious Minter."

Shingo ya Bwana Royce ikawa nyekundu hadi kwenye ukosi. Chumba kikamngoja. "Bwana Lucious Minter," akasema.

"Haya. Bi Lavinia, andika."

"Nimeandika, Mama Cobb. Karatasi zimekwisha, naandika kwenye karatasi za kufutia mikono."

"Na aliyemfuta kanisani alikuwa nani?" akauliza mwalimu wa kwaya, ambaye alikuja mjini juzijuzi, habari ya kufutwa kanong'onezwa hapo hapo, na hakujua anakanyaga nini. Vernell akamkanyaga yeye, lakini alichelewa.

Mama Cobb akaegemea fimbo. "Mimi. Niliisoma karatasi ile kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, ili watu watazame mdomo wangu wasitazame miguu." Akagonga fimbo mara moja. "Jumapili ya kwanza nitasimama nisome nyingine. Na safari hii sitapaza sauti, maana masikio yenu yote mnayo."

"Amina," akasema mtu wa chama cha maua, akajishangaa mwenyewe.

Baada ya hapo maneno yalikwenda kila upande, juu ya mizani, juu ya nani aliitwa Bwana na nani hakuitwa, juu ya jumba la sinema na ngazi zake za nyuma, wengine wakasema yanayouma, wengine wakakataa wakajibiwa. Mayai yalikaa mezani yakipata baridi, hakuna aliyeyakumbuka. Ozella akauacha ukuta. Katika miaka arobaini na minne hajawahi kukaa akiwa na glavu mkononi. Akatazama kiti kitupu kilicho karibu, akakaa. Kilikuwa kando ya Bwana Royce.

Bwana Royce alisogeza goti kabla hajaambiwa. "Baba yako alikuwa hodari, Bi Ozella."

"Asante," akasema. Akafunga vizuri kifungo kimoja cha lulu.

Kivuli kikawasimamia. Mama Cobb alikuwa amerudi kutoka mbele, anahema.

"Dada Ozella, umekalia kiti changu."

Ozella hakuinuka. Aliweka mkono wa kushoto mgongoni, hata kama mgongo ulikuwa kwenye kiti, akainua kidole kimoja cha glavu nyeupe, akakielekeza upande wa pili, dirishani, kati ya akina mama wawili wa chama cha maua.

Mama Cobb akakitazama kidole. Akamtazama mwenye kidole.

Kisha akageuka, akainua pindo la gauni lake jeupe kwa mkono wa kushoto, kidole cha mwisho kikanyooka pembeni, akaenda alikoelekezwa. Vernell akamgongea kiti taratibu, tu, akangoja, tu-tu, na mguu ukatua pale pale.